Herufi Moja kwenye Rimu ya Bwana Harusi

ZARQA, Jordan. Saa saba mchana, siku ya Ijumaa. Watu wametoka msikitini, wali uko jikoni, na kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba yake, Mithqal, ambaye mtaa mzima unamwita Abu Rahaf, yaani baba Rahaf, ameinama juu ya rimu ya alumini iliyolazwa kwenye stuli ya plastiki. Kipande cha msasa kimelowa maji ya sabuni. Mkono unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, na kijivu kinaanza kutoa weupe.

Maji yenyewe ni ya kufulia. Katika mtaa huu maji ya bomba huja mara moja kwa wiki, na mwanamume anayemwaga maji safi kwenye magurudumu ya watu hawezi kuishi kwa amani na mkewe. Kwa hiyo Mithqal husubiri nguo za binti zake watatu zisuuzwe, ndipo naye apewe ndoo yake.

"Sabuni inausaidia msasa uteleze," anasema. "Mke wangu anadhani ananionea. Sijamwambia kwamba ananifanyia hisani."

Mithqal ana miaka hamsini na moja. Kwa miaka kumi na minne alisugua sufuria za alumini katika karakana moja ya Ruseifa, hadi karakana ilipofungwa, mwenye mali akawagawia wafanyakazi mitambo badala ya kiinua mgongo. Wenzake waliuza siku hiyohiyo. Yeye aliikodia pikapu mashine ya kung'arishia, akaifunga kwa boliti kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba na kuanza kupokea rimu kuukuu.

Rimu zinatoka kwenye yadi za magari yaliyobomolewa. Zinakuja zimekwaruzwa na kingo za barabara, zimeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani katika nchi za theluji, rangi imebanduka. Yeye huzivua rangi iliyobaki, huzipiga msasa mkavu, kisha msasa wa maji, kutoka ule mkali hadi ule laini usiosikika mkononi, halafu huzipeleka kwenye mashine. Anatoza dinari saba kwa rimu moja. Mwezi mzuri humletea rimu arobaini, na karibu nusu ya mapato humezwa na umeme, msasa na dawa ya kung'arishia. Kila asubuhi anakohoa. Daktari amemwambia aache vumbi.

"Nikamwambia, daktari, hilo vumbi ndilo linaloninunulia dawa zako."

Leo ana furaha, na hafichi. Jana alimaliza rimu nne za Mutaz, kijana wa nyumba ya tatu, mwana wa rafiki yake Nayef. Mutaz anaoa leo. Alinunua rimu hizo yadi ili gari lake jeupe la Kikorea lisiende kumchukua bibi harusi likiwa na magurudumu meusi ya chuma. Msafara unaondoka saa nane kwenda Azraq, saa nzima ya barabara ya jangwani ambayo watu wa hapa wanagawana na malori ya mpakani. Honi zimeshaanza kusikika mtaani.

"Ukizitazama zile rimu unaweza kunyolea ndevu," Mithqal anasema, na mkono hausimami.

Mlango wa mbele unafunguliwa. Ni mkewe Firyal, Umm Rahaf, anayetoka kumuuguza mama yake tangu Jumanne. Hajavua hata baibui. Anafika kwenye ngazi ya kupandia darini, anainua gunia lililo chini yake, analiacha, analiinua tena.

"Rimu niliyoiweka hapa iko wapi?"

"Karibu nyumbani, mama wa watu. Hajjati mama yako anaendeleaje?"

"Anaendelea. Rimu iko wapi, Abu Rahaf?"

"Rimu gani? Za Mutaz? Zimekwisha, zimekwenda. Jana nimezifunga mwenyewe kwa mikono hii."

"Zote nne?"

"Gari lina magurudumu mangapi, mwanamke?"

Firyal anakaa kwenye ngazi. "Ile moja niliiandika."

"Niliona. Uliandika kha. Nikasema mke wangu kapima moja kabla hajaondoka, Mungu ampe afya. Zile tatu nikazipima mwenyewe, nikaziandika kha na zenyewe, nikapiga kazi."

"Kha ya nini?"

"Kha ya khalas! Imekwisha kupimwa, ni nzima."

"Khalas nini wewe!" Firyal anapiga paja. "Nimeandika kharban! Ile ina ufa!"

Mithqal anaacha msasa uanguke ndani ya ndoo.

Kwa Kiarabu, kitu kilichoharibika ni kharban, na neno letu haribika limetoka kwenye mzizi huohuo. Kitu kilichomalizika ni khalas. Maneno yote mawili yanaanza na herufi moja, kha, yenye nukta juu ya kichwa. Chaki haishiki vizuri kwenye alumini yenye mafuta, kwa hiyo hakuna anayejisumbua kuandika neno zima.

Na kwa miaka yote hiyo haikuleta shida, kwa sababu Firyal kwa kawaida haandiki kabisa. Yeye ndiye mpimaji wa nyumba hii. Anaipaka rimu mafuta ya taa, anaiacha inywe, anaifuta ikauke, kisha anainyunyizia unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanarudi nje na kuchora mstari kwenye ule weupe. Nzima anaziweka kulia, mbovu kushoto, na anamwambia mumewe kwa mdomo. Jumanne simu ya hospitali ilimkuta amepima rimu moja tu, na mbovu ndiyo hiyo. Aliandika herufi moja, akaisukumia chini ya ngazi pamoja na zile tatu, akakimbia.

Sasa zote nne zimesuguliwa, zinang'aa sawasawa, na kha zote zimeoshwa kwa maji ya kufulia. Hakuna awezaye kusema mbovu ni ipi.

"Ufa mkubwa?" Mithqal anauliza. Sauti imepungua.

"Kama unywele. Kwenye mdomo wa rimu, karibu na tundu la kujazia upepo."

"Unywele tu. Umm Rahaf, rimu zenye unywele zinatembea miaka."

"Zinatembea kwenda kununua nyanya. Hawa wanakwenda Azraq, mia na arobaini kwa saa, wanashindana na malori. Na wakirudi watakuwa na mtoto wa watu ndani."

Mithqal anapangusa mikono kwenye suruali na kuchukua simu. Simu ya Mutaz inaita hadi inakatika. Ya Nayef vilevile. Anatoka mbio hadi barabarani. Mbele ya nyumba ya tatu kuna viti vitupu na peremende zilizokanyagwa. Msafara umeondoka mapema.

Anaporudi anamkuta Firyal ameshajaza mfuko: chupa ya mafuta ya taa, boksi la chaki, matambara, glavu, dumu la maji. Juu kabisa ameweka kopo la kostiki, ile soda kali ya watengeneza sabuni, ambayo wao huitumia kuvua rangi.

"Hiyo ya nini?"

"Umeusugua ule ufa, Abu Rahaf. Umeufunga mdomo. Utaufungua kwa dua?"

Hapo ndipo Mithqal anapoanza kuogopa kwelikweli, na anasema hivyo waziwazi. Alumini ni laini. Msasa unaiburuta juu ya ufa na kuuziba, na kadiri unavyong'arisha ndivyo unavyouficha. Ufa wenyewe uko palepale chini, unasubiri shimo la barabarani.

Pikapu yake ina kiti kimoja kirefu. Mithqal anashika usukani, Firyal anakaa dirishani, na mwandishi wa makala haya anabanwa katikati, amepakata kopo la kostiki na kuomba kifuniko kiwe kimekazwa.

Mji unaisha ghafla upande huu. Nyumba, karakana za matofali, mabanda ya kondoo, kisha jangwa la mawe. Firyal anapiga simu mfululizo. Hakuna anayepokea. Nani atasikia simu ndani ya gari lililofungulia ngoma hadi mwisho?

"Nikiwasimamisha na kusiwe na kitu?" Mithqal anauliza.

"Basi kutakuwa hakuna kitu."

"Unajua watasema nini. Kumsimamisha bwana harusi njiani ni nuksi. Wazee wale hata paka mweusi wanamzunguka."

"Endesha, Abu Rahaf."

"Naendesha. Nilikuwa naongea tu."

Wanauona mkia wa msafara baada ya kituo cha mafuta cha mwisho. Magari kama ishirini, taa za tahadhari zinawaka na kuzima, vijana wametoa vifua nje ya madirisha wakipunga skafu. Mithqal analalia honi na kuwasha taa zote alizonazo.

Msafara unamjibu kwa furaha. Gari la mwisho linapiga honi, linalofuata linapiga honi, kijana mmoja anamtupia busu. Firyal anatoa kichwa nje na kupiga ukelele, "Simameni! Gurudumu! Simameni!" Wanawake wa gari la jirani wanamjibu kwa vigelegele, virefu kuliko vyake. Kadiri mume na mke wanavyopiga kelele ndivyo harusi inavyozidi kunoga. Ingekuwa siku nyingine mtu angecheka hadi machozi. Mithqal machozi anayo, ila si ya kucheka.

"Wanadhani tumekuja kushangilia," anasema. "Mungu wangu, wanadhani tunashangilia."

Gari jeupe liko mbele kabisa, na maua kwenye boneti. Rimu zake zinameta juani, kazi safi, pengine safi kuliko zote alizowahi kufanya, na kila zinapozunguka Mithqal anakunja uso. Lori linakuja kutoka upande wa pili. Linapita kwa mvumo, pikapu inayumba. Nyuma yake barabara ni tupu.

Mithqal anakanyaga mafuta. Pikapu kuukuu inalalamika, inayapita magari moja baada ya jingine, la tatu, la pili, inafika ubavuni mwa gari jeupe, inalipita, kisha anaanza kupunguza mwendo mbele yake, taratibu, akiwa katikati ya barabara ili lisipate pa kupenya. Ametoa mkono nje, kiganja wazi. Gari jeupe linapunguza. Linasimama.

Msafara mzima unasimama nyuma yake kwa vicheko. Desturi ya kumzibia bwana harusi njia ili atoe chochote wanaijua wote.

"Abu Rahaf!" Nayef, baba wa bwana harusi, anateremka na noti ya dinari tano mkononi, uso wote meno. "Na uzee huu! Hata wewe unaziba njia? Haya chukua chako, utupishe."

"Nayef, ndugu yangu, sitaki hela. Mteremshe Mutaz garini."

"Nini?"

"Gurudumu moja lina ufa. Nimekosea. Mteremshe mwanao."

Meno ya Nayef yanapotea moja baada ya jingine. Mutaz anateremka mwenyewe, suti nyeusi, kola imeanza kuloa jasho. Watu wanakusanyika. Mtu anazima muziki, na ukimya wa jangwa unaingia kwa mara ya kwanza.

"Lipi?" Mutaz anauliza.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mwanangu. Ni moja kati ya manne."

"Ami, watu wa Azraq wameshaweka nyama ya mansafu motoni, wazee wamekaa, na wewe unaniambia hujui?"

Mzee mmoja anasogea kwa fimbo. Ni Hajji Dhiyab, mkubwa wa ukoo, ambaye leo ndiye atakayenena mbele ya wazee wa bibi harusi. Anamtazama Mithqal kuanzia viatu hadi nywele.

"Miaka sabini na nane nimekwenda harusi," anasema. "Sijaona msafara uliosimamishwa na fundi wa kung'arisha. Una akili zako timamu?"

"Kwa leo sina uhakika, Hajji. Nipe dakika kumi nipime. Baadaye unitukane vizuri."

Anapiga magoti kwenye lami. Firyal anamkabidhi vitu kimoja kimoja, na hakuna anayemwuliza mwanamke huyo anafanya nini hapo. Mafuta ya taa kwenye rimu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kungoja. Jua linachoma visogo. Kufuta hadi tambara litoke kavu. Kisha unga wa chaki, ambao upepo unajaribu kuunyakua na Firyal anaukinga kwa upindo wa baibui.

Wote wanainama kutazama. Chaki ni nyeupe. Gurudumu la kwanza jeupe, la pili jeupe. Dakika zinapita, na yote manne ni meupe tu.

"Alhamdulillahi!" mtu anapaza sauti, na wanawake wanaachia vigelegele. Nayef anamshika Mithqal bega na kumwinua. Amepona, na anataka kila mtu apone naye.

"Umetutoa roho bure, ewe mtu. Haya, yamekwisha. Tusahau. Utakula nyama mbili leo."

Mlango wa kuponea uko wazi. Mithqal angeweza kuupita. Angesema alhamdulillahi pamoja nao, angewafuata hadi Azraq, angekula, na watu wangeisimulia kama kichekesho cha harusi. Anakiri mwenyewe kwamba aliutazama mlango huo, na kwamba miguu yake iliutaka.

"Hayajaisha," anasema.

"Chaki nyeupe, Abu Rahaf! Si umeiona?"

"Nimeiona. Haina maana yoyote. Nimeuziba ufa kwa msasa wangu mwenyewe. Mafuta hayana pa kuingilia." Anavaa glavu. "Lazima nizimwagie soda niufungue. Na nikimwaga, mng'ao wote unakufa. Zitakuwa nyeusi."

Sasa vicheko vimekwisha kabisa. Mutaz anasimama kati yake na gari.

"Nimekulipa uzing'arishe. Nimekaa miezi kununua hizi rimu. Leo hii, mbele ya watu, unataka kuzichafua?"

"Ndiyo."

"Na kusipokuwa na kitu?"

"Utaniletea rimu nne nyingine nizifanye bure, na mtaani utaniita mwendawazimu, na sitakujibu."

"Jina lako limekwisha, Abu Rahaf," Nayef anasema polepole. Hana hasira, na hilo ndilo linalouma. "Hutapata hata baiskeli ya kung'arisha."

Mithqal anamtazama mkewe. Firyal ameshafungua kopo.

"Msogeze mwanao, Abu Mutaz," Firyal anasema. "Hii inaunguza suti."

Soda inapogusa alumini inachemka. Povu linapanda, harufu inakata pua, na chini ya povu ule mng'ao wa kazi ya siku mbili unageuka kijivu, kisha mweusi, kama sufuria ya kuni. Gurudumu la mbele kulia. La mbele kushoto. Bibi mmoja anaanza kulia kwa sauti ndogo, akisema huu ni mkosi, huu ni mkosi. Mithqal anasuuza kwa maji ya dumu, anakausha, anapaka mafuta ya taa upya, anangoja, anafuta, Firyal ananyunyiza chaki.

La mbele kulia, jeupe. La mbele kushoto, jeupe. La nyuma kulia, jeupe. Hajji Dhiyab anatema mate pembeni na kugeuza uso.

Kwenye gurudumu la nyuma kushoto, chaki inakaa nyeupe kwa muda. Kisha karibu na tundu la kujazia upepo kinatokea kidoa cha njano. Kinarefuka. Kinashuka kutoka kwenye mdomo wa rimu kuelekea ndani, chembamba, kimenyooka, hadi kinapita urefu wa kidole cha mtu mzima na hakisimami.

Mutaz anachuchumaa na kukitazama kwa karibu. Anataka kukigusa, anarudisha mkono.

"Ulisema kama unywele," Mithqal anamnong'oneza mkewe.

"Jumanne ulikuwa kama unywele," Firyal anajibu. "Tangu jana gari limetembea."

Nayef anakaa kwenye ukingo wa barabara, na kilemba chake kinateleza hadi mabegani. Hajji Dhiyab ndiye anayewakaripia vijana: "Mnatazama nini? Leteni jeki! Watu wanangoja!"

Bibi harusi wa Azraq alichukuliwa siku hiyo na gari lenye magurudumu matatu meusi ya alumini na tairi moja jembamba la akiba. Mithqal na Firyal hawakwenda. Waligeuza pikapu na kurudi Zarqa, na njiani waligombana kuhusu herufi kha kwa ukali ambao mwandishi, aliyekuwa bado katikati, ameombwa asiusimulie.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa mbaya. Nayef hakumsema vibaya popote, lakini habari haikuhitaji mdomo wake. Kuna waliosimulia kwamba Abu Rahaf alimfungia bwana harusi gurudumu bovu, na huo ni ukweli. Kuna waliosimulia kwamba alimwagia gari la harusi tindikali kwa wivu. Rimu zilizokuja nyumbani kwake hazikufika kumi. Firyal alianza kupika dengu siku za Ijumaa badala ya nyama.

"Wanaosema nilikosea hawajakosea," Mithqal anasema. "Kuna siku naamka nasikia lile lori linapita. Sasa mtu akinitukana namwacha amalize."

Jumamosi ya nne gari jeupe linasimama mbele ya nyumba. Mutaz anateremka, na upande wa pili anateremka mkewe Najwan, binti wa miaka ishirini na mitatu, mwenye hina iliyoanza kufifia viganjani. Mutaz amebeba ile rimu yenye ufa. Mwenye yadi amempigia simu; anataka kuinunua tena. Ufa ataujazia kwa kulehemu, atapaka rangi, ataiuza.

"Nikasema nikuulize kwanza, ami," Mutaz anasema.

Najwan amesimama karibu na mashine, anaitazama rimu.

"Ilikuwa gurudumu lipi?" anauliza.

"La nyuma, binti yangu. Kushoto."

"Mimi nilikaa nyuma kushoto."

Mithqal anaitikia kwa kichwa.

"Ikate, ami," Najwan anasema. "Tafadhali. Nataka nione."

Mithqal anachukua mashine ya kukatia, anaibana rimu kwa goti, anashusha diski kwenye mdomo wake, upande ulio mkabala na ufa. Cheche hazitoki, alumini haitoi cheche, inatoa mlio tu. Diski haijafika nusu. Rimu inalia mara moja na kufunguka yenyewe pale penye ufa, kutoka mdomoni hadi katikati, bila kuguswa. Kipande kinaanguka kwenye ndoo ya maji ya kufulia.

Najwan anajifunika mdomo. Mutaz anamshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo vijana wa hapa hawalifanyi ovyo. Firyal anakwenda ndani kuchemsha kahawa, na anakaa huko muda mrefu kuliko kahawa inavyohitaji.

Tangu siku hiyo Mithqal ameweka sharti. Hapokei rimu bila mwenye rimu kusimama hapo wakati Firyal anapima, na yenye ufa anaikata mbele yake, atake asitake. Wateja wawili wameondoka kwa matusi. Mmoja amerudi. Mithqal anakadiria kwamba itamchukua mwaka kupata kazi aliyokuwa nayo, akiipata.

Ana mpango mwingine ulio karibu zaidi. Rahaf, binti yake mkubwa, amechumbiwa, na harusi ni baada ya Idi. Mwanamume anatoka Mafraq, na msafara utapita barabara kuu nyingine yenye malori vilevile. Ukumbi, mchele na kondoo havimkoseshi Mithqal usingizi.

"Siku hiyo," anasema, akitazama mikono yake, "akitokea mtu yeyote mwenye shaka na kitu chochote kwenye gari la mwanangu, hata kama hana uhakika, hata kama wazee watamtukana, naomba Mungu ampe moyo wa kuziba njia. Mimi mwenyewe nitateremka nimshikie jeki."